Wasifu wa Kijiji, Nakala ya Wilaya

Fomu imekuja na bodaboda, imelowa pembeni.
"Eleza kwa kifupi jiografia na historia ya kijiji."
Mistari minne. Na muhuri kabla ya mwisho wa mwezi.

Naandika: Nyamilanzi. Mwinuko haujapimwa,
ila maharage huinjikwa adhuhuri yakaiva magharibi
na ukungu huingia jikoni bila hodi.
Mashariki tumepakana na Ruaha Mdogo,
lakini mto hautaki kupakana na mtu:
mwaka wa elnino ulihama usiku,
ukakata shamba la Fidelisi Nyenza katikati,
nusu ya mianzi yake ikaamkia ng'ambo.
Hadi leo hukunja suruali, mbeta kichwani,
akavuka kwenda kugema kilicho chake.

Udongo: mwekundu juu, mweusi bondeni.
Zao kuu
(wameweka visanduku: mahindi, chai, nyanya, mengineyo)
mengineyo.

Nitaandikaje kwamba mvua ya Desemba ikigonga,
chipukizi la mwanzi huinua kichwa
kama mtoto aliyesikia jina lake,
na kisu hulikata ncha kabla halijaujua urefu wake;
asubuhi na jioni, ngozi nyembamba tu, ya kuonea mwanga,
nalo hulia, tone,
tone,
ndani ya mbeta, ambayo nayo ni mwanzi:
chozi la ndugu hukingwa na mfupa wa ndugu.
Kukicha ni mtogwa, watoto hulamba midomo.
Jioni ya pili ni mkangafu,
na mjumbe hubishana na nguzo ya umeme.

Historia.
Wajerumani walipita, wakauliza njia ya kwenda boma.
Tuliwaelekeza kinamasini. (Ushahidi wa maandishi hakuna.)
Baadaye akaja Padri Betino, Mwitaliano,
akachota udongo huu, akaunusa, akasema unanuka kwao.
Akaleta vijiti vya mizabibu ndani ya gunia bichi,
akavipanda mtelemkoni, vikiutazama mto, safu kwa safu;
kwao, alisema, mji mzima huishi
kwa kilima kimoja na mto mmoja.
Miaka saba. Ukungu ukala majani, nyani wakala matunda.
Chupa zilizopatikana ni tatu:
mbili zilikuwa siki, moja ikasomewa misa ya Pasaka
na waumini wakakunja nyuso kwa heshima.
Mwaka wa nane, mpishi wake, Semduba,
akamwekea mbeta mezani, hakusema neno.
Padri akanywa. Akanyamaza.
Akauliza kama ipo nyingine.
Safu zake zipo bado. Jua likiinama
utaziona chini ya mianzi, kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

Semduba alimzaa mama yangu. Hilo halina kisanduku.

Sabini na nne tulipakiwa kwenye malori
tukashushwa barabarani, mstari mnyoofu, nyumba kwa namba.
Lakini mwanzi haupandi lori.
Msimu ulipofika, watu wakawa wanatoweka usiku,
ukiwauliza, walikwenda kutafuta ng'ombe,
watu ambao hawajawahi kumiliki hata mbuzi.
Mwaka wa tatu balozi mwenyewe akapotelewa na ng'ombe.
Ndivyo tulivyorudi. Hakuna aliyetangaza.

Idadi ya watu: mia sita na arobaini, kiangazi.
Msimu wa ulanzi sihesabu; wanakuja mashemeji.

Changamoto.
Nimeandika: daraja.
Sikuandika Yustino Luvanda, fundi baiskeli,
aliyetoka kilabuni Machi, mvua ikinyesha,
hakuyumba, wote tuliomwona tunasema hakuyumba,
akashika njia ya babu yake
akapita pale daraja lilipokuwa kabla ya mto kuhama,
akikumbuka vizuri mno.

Baiskeli tatu za watu bado zimeegemea ukuta wake.

Nimegonga muhuri. Haukushika sawasawa,
karatasi ingali mbichi.